Zuena Wawili

Swabaha alikuwa akisema programu yake haina makuu: inamkumbusha mjamzito siku ya kliniki, basi. Aliiandikia nyumbani kwa shangazi yake Kilindoni, juu ya meza ya cherehani, kwa ajili ya kampuni ndogo ya Dar es Salaam. Mwenyewe alizaliwa Kanga, na huko kwao wanawake waliionea fahari kazi yake kuliko alivyoionea yeye. Ujumbe ukiingia, mtu huusoma kwa sauti ili jirani naye asikie.

Lawama alizozizoea zilikuwa za kuchekesha. Kuna wiki programu ilimwita kila mwanamke "Bi Jina", kwa kuwa Swabaha alisahau kuweka jina la mtu mahali pake. Kuna mzee aliyepongezwa kwa kutimiza miezi saba, maana simu ni yake na mimba ni ya mkwewe. Alizunguka nao ujumbe ule baraza kwa baraza.

Kisha Nesi Shamsa wa zahanati ya Kanga akapiga simu.

"Mwanangu, baadhi yao wanapata ujumbe mara mbili mbili. Mmoja amekuja mbio kuniuliza kama ana pacha."

Swabaha alicheka. Akaandika mistari sita tu: penye jina moja, ukoo mmoja na namba moja ya simu, programu ibakize taarifa iliyoandikwa mwisho, nyingine iifute. Akaijaribu kwa majina kumi ya kutunga, ikakubali. Bosi wake, Tumaini, akaipitia dakika mbili, akajibu, "Safi." Siku hiyo hiyo ikaanza kazi.

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya Alhamisi, Shamsa alipiga tena. Safari hii hakuanza na utani.

"Yule Zuena Matano mwenye presha, nilimwambia arudi baada ya wiki moja. Wiki ya pili hii hajatokea. Nikitazama kwenye simu, inaniambia tarehe yake ni mwezi ujao."

"Labda iliandikwa vibaya, nesi."

"Niliandika mwenyewe. Daftari hili hapa."

Swabaha akafungua kompyuta. Mtandao ulikuwa ukijikokota. Orodha ilipotokea, akamwomba Shamsa ahesabu majina ya kwenye daftari, naye akahesabu kwa sauti mpaka mia moja na kumi na nne. Kwenye kompyuta walikuwa mia moja na tisa.

"Nesi," Swabaha akasema, "Zuena Matano wako wangapi?"

"Wawili. Watoto wa ndugu wawili, wote wamepewa jina la bibi yao. Wanakaa nyumba moja, simu ni ya mama yao mkubwa. Nani asiyejua?"

Swabaha hakujua. Alikuwa amewajumlisha wanawake wawili wakawa mmoja, na aliyebaki ni yule mzima.

Alimpigia Tumaini.

"Rudisha nakala ya akiba, kimyakimya," Tumaini alisema. "Jumatatu nina kikao na wafadhili. Hilo si kosa letu, ni watu kufanana majina."

"Kuna mwenye presha, kaka."

"Nesi si yupo? Hiyo kazi yake."

Nakala ya akiba ilirudi kwa dakika kumi. Mia moja na kumi na nne. Ukitazama kioo cha kompyuta, ungeapa hakuna lililotokea. Kwa muda mfupi Swabaha alikaa akiitazama hesabu ile, akatamani mambo yaishie hapo. Kisha simu ikalia. Ni Shamsa: yuko peke yake na mama anayejifungua, hawezi kutoka, na nyumbani kwa akina Zuena simu haipatikani.

Akakodi bajaji mpaka Kanga.

Alimkuta Bimkubwa, mama mkubwa wao, akianika mpunga uani. Zuena mmoja alikuwa akikuna nazi, tumbo likimzuia kuinama. Mwingine alikuwa amelala mkekani ndani, kichwa amekifunga kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binti wa Mzee Hafidhi wewe? Karibu."

"Mama, nimemfuata Zuena mwenye presha. Anatakiwa zahanati sasa hivi."

"Lakini tarehe yake bado," Bimkubwa alisema. "Simu ilisema."

Miguu ya Zuena ilikuwa imevimba, viatu havikuingia. Kichwa kilikuwa kikimgonga siku ya tatu, na machoni aliona vimulimuli. Walimpandisha kwenye bajaji wakimshika huku na huku. Shamsa alimpima presha, akapima tena. Akamchoma sindano na kuita gari la wagonjwa. Njiani kwenda Kilindoni Zuena alishikwa na kifafa cha mimba. Hospitali wakamfanyia upasuaji kabla ya alasiri kuadhiniwa.

Zuena alipona. Mtoto, wa kike, aliishi siku mbili.

Swabaha alimwuliza daktari kama wiki zile mbili zingebadilisha kitu. Daktari alivua miwani, akaifuta. "Pengine," alisema. "Pengine la. Siwezi kukudanganya."

Wale wengine wanne waliofutwa walipatikana wote, wazima. Swabaha akaandika kwenye kundi la kazini kila kitu: mistari sita, tarehe, majina, na kwamba aliyeiandika ni yeye. Kikao cha Jumatatu kilifanyika, na baadaye akasikia kosa lile limeelezwa humo kama "changamoto ya takwimu".

Siku ya tisa alikwenda Kanga. Zuena alikuwa amekaa kibarazani, kanga begani.

"Mimi ndiye niliyeandika ile programu," Swabaha alisema. Alikuwa amejitayarishia maneno mengi, yakambakia hayo tu. "Nilikufuta. Sikukusudia, lakini ni mimi."



"Nesi aliniambia wiki moja," Zuena alisema. "Simu ikasema mwezi ujao. Nikafurahi. Nikajua huko kwenye mitambo wameona nimepona. Kichwa kilipouma nikamwambia Bimkubwa, lingekuwa jambo, simu ingelia."

Swabaha alishindwa kumtazama.

"Nisamehe."

"Hayo ya Mungu," Zuena alisema. "Mimi nina moja tu. Nitoe humo. Nikishika mimba tena nitahesabu siku zangu mwenyewe, na nesi nitamfuata kwa miguu yangu."

Swabaha alitaka kumweleza kwamba sasa programu inauliza majina matatu na haimfuti mtu bila nesi kukubali. Alitaka kusema sasa ni salama. Badala yake alitoa simu, akatafuta jina, akahakikisha mara tatu ni Zuena yupi, akamwonyesha kwenye kioo.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

Akamwondoa.