Mke Mwenza Anatoka Jasho

Mtoto alikuwa na wiki saba, na kila akinyonya alitoka jasho kama aliyepanda mlima. Alivuta mara tano, sita, akaachia ziwa, akahema, kisha akasinzia na njaa yake.

Mama yake, fundi cherehani, aliambiwa mengi: maziwa yako mepesi, unamfunika mno. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri.

"Mke mwenzangu huyu haongezeki," alisema akimpakata mjukuu wake. "Twende hospitali, tusingoje maji yazidi unga."

Daktari alisikiliza kifua muda mrefu, akampaka mtoto jeli na kuutazama moyo kwenye skrini.

"Kuna tundu kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo," alieleza. "Damu nyingi inapenya kwenda mapafuni. Ndiyo maana anachoka. Kazaliwa nalo."

"Ni cherehani?" mama aliuliza. "Nilikanyaga mpaka mwezi wa nane wa mimba."

"Hapana, dada. Moyo hujengeka wiki za mwanzo kabisa, pengine hata hujajua una mimba. Hukukosea kitu."

"Basi lishoneni!"

Daktari alitabasamu. "Ikibidi, tutalishona. Lakini mengi ya namna hii hupungua mtoto akikua. Atumie dawa ya kupunguza maji mwilini, anyonye kidogo kidogo, mara kwa mara. Kila mwezi tumpime. Akishindwa kunyonya au midomo ikibadilika rangi, mlete saa hiyo hiyo."

Mwezi wa kwanza uzito uliongezeka kiduchu, wa pili vilevile. Wa nne mashavu yakaanza kujaa, na baadaye dawa ikasimamishwa. Alipofikisha miezi kumi na moja, wakarudi kwenye chumba cha skrini. Daktari alitafuta, akakunja uso, akatafuta tena.

"Silioni. Limeziba."

"Tazama vizuri, mwanangu," mama mkwe alisema. "Macho yako yamechoka."

Daktari akacheka, akatazama mara ya tatu. "Limeziba, bibi."

Kwenye benchi la nje, mama akampigia mumewe simu. Aliposema "haloo" tu, akaangua kilio. Upande wa pili mume akaanza kupiga kelele: "Nini? Kuna nini? Sema!"

Mama mkwe akamnyang'anya simu. "Mwanao mzima. Huyu analia kwa furaha. Hebu rudi kazini!"