Hakufa Mtu Lundo

Jua la Lundo huchelewa. Milima ya Mbinga hulizuia kwa nyuma, kwa hiyo mwanga huangukia kwanza maji ya mbali, kule upande wa Malawi, kisha huja taratibu ukitembea juu ya ziwa kama mgeni asiye na haraka. Hukanyaga mchanga. Hupita kwenye vichanja vya usipa, dagaa wetu wa ziwani, na kuwageuza fedha kwa kitambo. Halafu huingia majumbani mwa watu bila kupiga hodi.

Ndivyo ulivyoingia kwa Emiliana asubuhi ile. Ukapanda kitandani, ukamwonesha mto wake, na juu ya mto zilikuwa nywele. Mistari mizima ya twende kilioni, msuko wa haraka aliosukwa na wifi yake Beata, ilikuwa imelala pale bila kufumuka, kana kwamba kichwa kiliamka mapema kikaiacha ijilalie.

Alikuwa ameambiwa. Kule mbali, kwenye hospitali kubwa anakopelekwa na mumewe Wilfred kutundikiwa dripu za kansa ya titi, daktari alimwambia mapema: dawa hii ni kali, itaufukuza uvimbe, na nywele zitaondoka nao, kisha zitarudi. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja, na kuziokota nywele zako mwenyewe kwa kiganja ni kingine. Emiliana hakulia. Alikasirika. Akamwita Wilfred aje na wembe azimalize zilizobaki, maana alikataa katakata kuagana nazo moja moja.

Hakufa mtu. Zilianguka nywele.

Haya, nenda kawaeleze hivyo watu wa mwambao huu! Huku wembe na kilio ni ndugu. Mume akifa, mjane hunyolewa. Mama akifa, binti zake hunyoa. Mwanamke akionekana na kichwa kitupu, watu hawaulizi kama kuna msiba. Huuliza ni msiba wa nani.

"Pole na msiba, mama," walimwambia kisimani.

"Sina msiba."

Wakamtazama kwa huruma, wakadhani uchungu umemzidi hata hajui anachosema. Na hao walikuwa afadhali. Wale walioujua ugonjwa wake ndio waliomkata maini, maana walianza kumsimulia kama mtu aliyekwisha kwenda. Alikuwa mchangamfu sana huyu, walisema. Alikuwa na sauti, akiimba kanisani hata mapadri wanageuka. Alikuwa, alikuwa, alikuwa, na mwenyewe amesimama palepale, ndoo mkononi, akisubiri zamu yake ya kuchota maji.

Enyi watu, mna haraka gani? Kifo kina miguu yake, hakihitaji kubebwa. Emiliana aliyasema hayo moyoni siku ile, akajifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, akarudi nyumbani na ndoo yake.

Basi ikaja safari nyingine ya dripu. Dawa ikamtapisha, ikamchubua kinywa hadi chai ikawa kama pilipili. Daktari akampapasa, akatabasamu, akasema uvimbe umepungua, zimebaki dripu chache, asikose. Habari njema ile. Wilfred aliibeba njia nzima kama mtu aliyebeba yai. Walipofika Mbinga mjini na kupanda gari la kuteremka ziwani, Emiliana akalipasua.

"Sirudi tena kule, baba Nathanieli."

"Lakini amesema uvimbe umepungua!"

"Ametuambia mimi na wewe. Kijiji kizima kimeshaniaga. Nitapigania uhai peke yangu mpaka lini?"

Wilfred akatoa simu mfukoni. Ilikuwa imezima tangu jana yake kwa kukosa chaji, akaendelea kuigeuzageuza mkononi apate pa kuangalia. Gari likateremka, kona baada ya kona, hadi ziwa likatokea ghafla chini yao, pana, tulivu, halina hata wimbi moja. Emiliana alilitazama mpaka Lundo.

Kumbe huko nyuma pendo lilikuwa limefanya kazi yake. Beata alimpenda wifi yake pendo lisilo na breki. Alikuwa amesikia redioni kwamba nchi nyingine ndugu wa mgonjwa hunyoa vichwa vyao ili mwenzao asiwe na upara peke yake. Beata alilia kwa kuguswa. Akawashawishi wanawake wote wa ukoo, wakakaa uani kwa Emiliana wakanyoana, wakicheka, wakipapasana vichwa, wakingoja arudi wamshangaze. Wazo lilikuwa jema. Ubaya wake ni kwamba lilitua Lundo.

Maana boti ilipita kuelekea Mbaha, kijiji kingine cha mwambao, na abiria mmoja akawaona wanawake wale wakisuuza sufuria ufukweni, vichwa vyote vitupu, na Emiliana hayumo. Hakuuliza. Nani huuliza jambo lililo wazi? Akafika Mbaha akasema Emiliana wa Wilfred amefariki, na mumewe amefuata mwili. Simu zikapigwa kwa Wilfred, hakupatikana, na hapo uvumi ukawa ukweli mtupu, ukarudi Lundo na boti za waombolezaji.

Kwa hiyo Emiliana aliposhuka barabarani na kukata kona ya nyumba yake, alikuta turubai. Alikuta wanaume kwenye mabenchi, kuni zilizoletwa na boti, sufuria kubwa ya ugali wa muhogo, na wanawake ndani wakilia kwa zamu. Akadhani ni mwanawe. Kisha akamwona Nathanieli mwenyewe akigawa viti, macho mekundu, na pumzi ikamrudi.

Mlangoni alikaa Mzee Mansuetus, baba mkubwa wa Wilfred, rozari mkononi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia mzee kwa mazoea, akasogeza tena punje moja ya rozari. Kisha akainua macho, na rozari ikaanguka.

Kimya kilitambaa kutoka benchi hadi benchi, kikaingia ndani, kikazima kilio. Nathanieli aliangusha viti akamkumbatia mama yake kiunoni. Emiliana akamshika kichwa, huku akitupa macho uani, na nyuma ya jiko akaliona shimo. Vijana wawili walikuwa wamesimama ndani yake hadi mapajani, majembe yametulia.

Akakivua kitambaa.

"Mlikuwa mnamzika nani?" akasema, na sauti ile waliyokwisha kuisifia kwa 'alikuwa' ikasikika mpaka kwenye mitumbwi. "Semeni! Kwenye sanduku mngeweka nini, kitana changu? Nimekwenda kutafuta dawa nikatapika hadi nyongo, nikarudi na miguu yangu, nakuta mmeshapika! Hakufa mtu hapa! Zimeanguka nywele! Nywele! Mnamlilia mtu na yeye bado ana njaa?"

Beata akatoka ndani mbio, kichwa chake kiking'aa, uso umevimba kwa machozi.

"Niliwaambia, wifi! Niliwaambia hakuna msiba."

"Tungekuaminije," akasema Mzee Mansuetus kwa unyonge, "na wewe umenyoa?"

"Sasa mbona na wewe unalia?" Emiliana akamwuliza wifi yake.

"Walilia sana," Beata akajibu. "Nikadhani wanajua nisilolijua."

Hapo mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Emiliana hakucheka. Alikuwa na hasira ya haki, na hasira ya haki haimwagwi kama maji ya kunawia. Alimtazama Beata, vile vijeraha vya wembe juu ya sikio, kichwa kilichonyolewa na watu wasiojua kunyoa.

"Nilitaka usiwe peke yako," Beata akasema.

Neno lile Emiliana alilipokea. Tangu kwenye gari alikuwa akilitafuta, na hakutegemea kulikuta kwenye msiba wake mwenyewe. Lakini hakulipokea bure.

"Basi usiishie hapo," akamwambia. "Kunyoa siku moja ni kilio. Kila zikichomoza, nyoa tena. Zangu zikiota, ndipo na zako ziote. Na kwenye dripu ijayo utakuja na mimi, unishikie ndoo nikitapika. Hapo nitajua hukunililia."

"Nitakuja, wifi."

Wilfred, aliyesikia neno 'ijayo', akageukia ukuta akafuta uso kwa mkono wa shati.

Lilibaki shimo. Mzee Mansuetus akakohoa, akasema mila haikubali kaburi lililofunguliwa lifukiwe tupu, litaita mtu. Hukatwa gogo la mgomba likazikwa badala yake. Vijana wakaanza kutafuta panga.

"Ngojeni," akasema Emiliana. Yeye ni Mmatengo wa Kigonsera, aliyeteremka ziwani kwa ndoa, na kwao vilima vyote vimechimbwa vishimo vishimo, nyasi zikafukiwa, mahindi yakasimama juu yake. "Kwetu shimo ni la kulimia. Leteni mgomba, baba mkubwa, lakini usiwe wa kukatwa. Leteni chipukizi lenye mizizi."

Mzee aliwaza, midomo ikicheza. Mila ilisema mgomba. Haikusema uwe umekufa. Akaafiki, na mgomba ukapandwa mbele ya waombolezaji wote, wakiwemo wa Mbaha, ambao baadaye walikula ugali wa matanga pamoja na marehemu, naye akawazidi kwa kula japo kinywa kilimwuma.

Siku ya safari ilipofika, walisimama kando ya barabara alfajiri wakisubiri gari la kupanda Mbinga, Emiliana na Beata, vichwa viwili vitupu. Nyuma ya jiko mgomba ulikuwa umefungua jani moja. Mtu wa baiskeli aliwapita, akapunguza mwendo, akavua kofia.

"Poleni na msiba, mama zangu."

Beata alifungua kinywa, Emiliana akamwahi.

"Hakufa mtu, kaka. Tunakwenda kwenye dawa."

Mwanga ulikuwa umeanza safari yake, kutoka maji ya mbali, ukija. Ulikanyaga mchanga, ukapita vichanja vya usipa, ukavuka barabara. Kitambaa kilikuwa ndani ya mkoba, na Emiliana alikiacha humohumo. Aliugeuzia mwanga kichwa chake ukiangalie vizuri, huku mkono mmoja umeinuka kulisimamisha gari.