Njaa ya Saa Tano

Daktari wa mifupa hakunizungusha. Aliinua picha ya goti langu mbele ya taa, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Dada, goti hili nitalipasua," akasema, "lakini lazima ulipunguzie mzigo kwanza. Njoo tarehe ishirini ya mwezi ujao tukupime. Ukiwa na kilo themanini na nane au chini ya hapo, unapasuliwa wiki inayofuata. Ukizidi, nafasi anachukua mwingine, na wewe unasubiri miezi minane."

Nilikuwa na kilo tisini na moja na nusu. Wiki zilikuwa sita.

Miezi minane sikuwa nayo. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Nina stashahada ya vipimo, na kwa miaka kumi na minne nimezunguka madukani, kwenye mabucha na maghalani nikiwa na sanduku la mawe ya chuma, nikihakikisha kuwa kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Sanduku lina uzito wa kilo ishirini, na kwa goti bovu nalibeba kwa shida. Mkuu wa ofisi alikuwa ameshaniandalia meza karibu na dirisha, nikae nigonge mihuri kwenye stakabadhi. Alinionyesha kwa upole kabisa, na kiti akakiwekea mto. Nilikitazama kile kiti kama mtu anayeonyeshwa kaburi lake. Nikamwambia asubiri.

Nilianza siku ileile, na nilianza kama ninavyoanza kila kitu: kwa fomu. Nilichukua fomu ya ukaguzi ya ofisini, nikafuta "jina la muuzaji", nikaandika langu. Nikaweka mizani ndogo jikoni. Asubuhi yai moja la kuchemsha, gramu hamsini na mbili. Mchana tango na nyanya, gramu mia mbili na kumi. Saa kumi na moja jioni kikombe kimoja cha supu, basi. Kwenye kazi yangu ukiondoa jiwe, mshale unashuka. Nilitegemea mwili nao ungetii.

Mchana haukunisumbua. Mchana nina watu wa kugombana nao. Kuna mwenye bucha mmoja ambaye kidole gumba chake hakijui kukaa mbali na mizani. Nikibishana naye nusu saa nasahau kama nina tumbo.

Shida ilikuwa saa tano usiku.

Mume wangu ni mlinzi wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha magodoro. Huondoka saa mbili na chakula chake, na anayemfungashia ni mimi: wali, maharage, kipande cha kuku. Mfuniko niliufunga nikiwa nimebana pumzi. Akishaondoka nyumba inatulia. Binti yetu, ambaye tangu anajifunza kuongea tunamwita Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kosa, anaingia chumbani kwake kusoma. Mama mkwe anaingia chake na redio yake. Mimi nabaki sebuleni na pasi na rundo la nguo.

Saa nne na nusu tumbo linauliza. Saa tano linadai. Najikuta nimesimama mbele ya friji, mlango wazi, miguu inapigwa na baridi, na sikumbuki nimefikaje. Nakata kipande kimoja cha mkate. Kwa kuwa nimekikata upande, nakata kingine ili mkate ukae sawa. Kisha nakumbuka siagi.

Baada ya wiki mbili fomu yangu ilikuwa safi kuliko fomu yoyote niliyowahi kujaza. Nilikuwa nimepungua gramu mia nne.

Nikaona dawa ni kufuli. Nikafunga mlango wa jiko, ufunguo nikampa Wakili, ana miaka kumi na sita.

"Ukishafunga saa tatu, hufungui hadi asubuhi," nikamwambia. "Hata nikilia."

"Hata ukinitishia?"

"Hata nikikutishia."

Usiku wa kwanza nilishinda. Usiku wa pili saa tano na dakika kumi nilikuwa mlangoni pake nagonga kwa kucha, mama mkwe asisikie.

"Naomba ufunguo. Nataka maji."

"Nilikuwekea jagi mezani, Mama. Na glasi."

"Maji ya moto."

"Chupa ya chai iko pembeni ya jagi. Nimeijaza maji ya moto."

"Wakili, nimekuzaa mimi."

"Ndiyo. Na jana ulisema utafika hapo. Nimeandika, hii hapa: 'Atasema amenizaa, nisifungue.' Umetia sahihi."

"Kesho hakuna pesa ya nauli."

"Hicho ni kitisho. Nacho kimeandikwa."

Nilirudi sebuleni nikiwa na hasira na fahari kwa pamoja. Nikakaa. Nikanywa maji. Nikapiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi. Tumbo likanguruma hadi nikageuka kuangalia kama kuna mtu.

Sasa, nyumba nzima inajua kuwa mama mkwe ana debe la biskuti chini ya kitanda chake. Tunajifanya hatujui. Na tangu nianze kujipunguza, mimi na yeye hatukuwa tunaelewana. Alikuwa amekuja kuishi nasi mwaka mmoja kabla, na siku aliponiona napima yai alisema, bila kuacha kuchambua mchele, "Mwanangu alioa mwanamke mzima. Sasa unataka kumrudishia nusu." Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimwambia goti ni langu, na tangu hapo tukawa tunasalimiana tu.

Kwa hiyo mwanamke mwenye stashahada, mkaguzi wa serikali, kwenda kugonga mlango wa mama mkwe saa tano na nusu usiku kuomba biskuti, ni jambo ambalo nisingependa mwenye bucha alisikie. Lakini nilienda.

Alikuwa macho. Huwa halali kabla ya saa saba. Alikuwa amekaa kitandani na shuka mabegani, redio inanong'ona.

"Mama, samahani."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana."

"Mwanangu kapatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu. Nina njaa."

Alinitazama juu hadi chini. Sikumlaumu, nilikuwa nimevaa gauni la kulalia na viatu vya kazini. Kisha akainama, akavuta debe, akalipakata, lakini mfuniko hakuufungua.

"Kaa hapa. Leo umekula nini?"

Nikamtajia. Yai, gramu hamsini na mbili. Tango. Nyanya. Supu, mililita mia mbili.

"Baada ya hapo?"

"Basi."

"Toka asubuhi? Na lile sanduku la vyuma umebeba?"

"Nimebeba."

"Mama Wakili," akasema, na sauti haikuwa ya ugomvi tena, "hiyo unayoiita njaa ya usiku ni njaa ya mchana. Imechelewa tu kufika, kwa sababu mchana hukuwa na nafasi ya kuipokea. Mtu asile kutwa nzima halafu ashangae."

"Lakini nimeandika kila kitu. Kwa hesabu ilipaswa kushuka."

"Lete hizo hesabu."

Nikaleta fomu. Yeye hasomi bila miwani, na miwani haikuonekana. Wakati tunaitafuta, Wakili akatokea mlangoni, ufunguo wa jiko umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Naomba kujua mnafanya nini na debe," akasema.

"Soma hii," bibi yake akamwambia.

Akasoma. Akageuza nyuma. Akarudi mbele.

"Mama, mkate uko wapi?"

"Mkate gani?"

"Wa wiki mbili zote. Nilikuwa nasikia mlango wa friji. Haumo humu."

Nikaichukua fomu yangu. Ilianzia saa mbili asubuhi, ikaishia saa kumi na moja jioni, kama fomu zote za ofisini, kwa kuwa ukaguzi hufanyika saa za kazi. Baada ya saa kumi na moja hakukuwa na safu. Na kisicho na safu mimi sikiandiki; ndivyo nilivyofundishwa. Kwa wiki mbili nilikuwa nimekula mkate, siagi, ndizi na nusu kopo la karanga nje ya saa za kazi, na kwa dhamiri yangu yote sikuwa nimeviona.

Mama mkwe alipoelewa alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Na huyu ndiye anayewakamata wauza nyama," akasema. Wakili alijaribu kujizuia kwa heshima, akashindwa. Nikacheka na mimi, ningefanya nini?

Biskuti nilipewa mbili. Kesho yake mama mkwe akachukua madaraka bila kuomba ruhusa. Asubuhi mayai mawili na kipande cha mkate. Mchana nikabeba chakula kwenye chombo kama mume wangu: maharage, mboga za majani, wali wa kiganja kimoja. Saa moja jioni tulikula wote mezani, samaki au kuku na mboga nyingi, na yeye alinikodolea macho hadi nimalize. Nilibishana. Nilimwambia hii ni kunenepesha. "Pima uone," akasema. Nikachora fomu mpya ya saa ishirini na nne.

Saa nne usiku akawa ananiita chumbani kwake tunywe chai isiyo na sukari. Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulipenda: nusu ya ile njaa yangu ilikuwa upweke wa kupiga pasi. Mama mkwe ana habari za watu kuliko redio yake. Alinisimulia jinsi mume wangu alivyofukuzwa kwenye kwaya kwa kuimba kwa sauti ya bomba lililoziba, na nilipotazama saa ilikuwa saa tano na robo na tumbo halijasema kitu. Siku nyingine lilisema. Siku hizo nilikula yai, nikaliandika. Ufunguo wa jiko Wakili aliurudisha mwenyewe, kwa masharti matatu.

Tarehe ishirini tulikwenda hospitali mimi na mama mkwe. Asubuhi hiyo sikujipima nyumbani. Niliogopa, nasema ukweli. Muuguzi alinielekeza kwenye mizani kwenye kona ya ukumbi. Nikavua viatu, nikapanda.

"Themanini na saba na nusu," akasema. "Hongera, dada." Akainama kuandika.

Ningeshuka nikaenda zangu. Lakini macho yangu yalikuwa yameshafika chini. Mizani ilikuwa imewekwa juu ya mkeka mnene wa sponji, wa kuzuia watu wasiteleze. Mizani ikikaa juu ya kitu laini inazama, na ikizama inadanganya kwa kupunguza. Naijua hiyo kama ninavyolijua jina langu.

"Samahani," nikasema. "Usiandike kwanza."

Mama mkwe alinifinya mkono. "Mama Wakili. Tembea."

"Mama, imekaa vibaya."

"Imekaa vizuri sana. Tembea."

Miezi minane na kile kiti chenye mto vilinipita kichwani. Pia ilinipita sura ya mwenye bucha, na maneno yote niliyowahi kumwambia. Nikaivuta mizani hadi kwenye sakafu tupu, nikapanda tena.

Themanini na nane nukta tatu.

Muuguzi alikunja uso, mama mkwe akatazama dari. Nikaingia kwa daktari nikiwa nimezidi gramu mia tatu, na nikamweleza kila kitu kabla hajaniuliza, kwa sababu jambo baya mimi napenda limalizike mapema.

Daktari aliweka kalamu chini. "Ile mizani iko juu ya mkeka tangu lini?"

"Hiyo muulize muuguzi. Ila kila aliyepimwa hapo ameandikwa pungufu."

"Dawa ya usingizi tunaipima kwa uzito wa mgonjwa," akasema polepole. Akanyanyua simu, akaagiza mkeka uondolewe na waliopimwa wiki ile warudiwe. Kisha akanigeukia. "Kupasua ni Jumatatu. Leo ni Jumanne. Nafasi yako naishikilia, lakini Jumatatu alfajiri unapimwa tena. Kilo ni zilezile themanini na nane. Ukizidi hata gramu, kitandani anapanda mwingine."

"Nimeelewa."

"Na Jumapili, kuanzia saa nne usiku, usiweke kitu mdomoni hadi tukupasue. Hata chai."

Mama mkwe, aliyeingia pamoja nami, alianza kutikisika mabega kwa kicheko. "Daktari," akasema alipopata pumzi, "hakuna saa nyingine?"

Siku zile nilikula kwa safu zote, nikalala kwa wakati. Jumapili saa tano njaa ilifika kama kawaida yake, ikatukuta watu watatu macho. Wakili alikuwa ameahirisha kulala ili anilinde. Mama mkwe alikuwa amelisukuma debe hadi ukutani kabisa na kukataa kugusa biskuti hata moja. "Siwezi kukutafunia usoni," akasema. Saa sita tumbo lake ndilo lililonguruma, si langu, na tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Alfajiri mume wangu alitoka zamu moja kwa moja akatukuta hospitali. Muuguzi alikuwa yuleyule. Mizani ilikuwa sakafuni. Kabla hajaniruhusu kupanda aliichuchumalia, akaitikisa kila pembe kuona kama inacheza, akaniangalia kama mwanafunzi anayesubiri maksi. Nikaitikia kwa kichwa. Nikapanda.

"Themanini na saba nukta nane."

Mume wangu alipiga kofi moja tu, kubwa, ukumbi mzima ukageuka. Nikalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, wakaanza kunisukuma. Mama mkwe alitembea pembeni yangu hadi kwenye mlango ambao ndugu hawaruhusiwi kupita, na hapo akamshika muuguzi mkono.

"Mwanangu," akamuuliza, "akishatoka humo ndani, anakula saa ngapi?"