Shamba Lililolala Mpofi

Saa ya kuku kuingia ndani, Mama Athanasie alitua mzigo wake wa jibini nyuma ya soko la Mpofi, huko Walikale, akavua kamba iliyokuwa imemkata kipaji cha uso tangu Masisi, akajinyoosha mgongo mpaka ukalia. Kisha akafanya kazi yake ya kila jioni. Alifunga kamba kati ya michikichi miwili, akatandaza turubai lake jembamba juu yake, akavuta ncha nne, akachomeka vigingi vinne na kuvigonga kwa jiwe. Chini ya turubai akatandika mfuko wake wa wavu. Ukungu ukaanza kujaa humo ndani. Akavaa sweta.

Waliokuwa wakipita walimsalimia wakaendelea na safari zao. Joto la Walikale lilikuwa lile lile la siku zote, la kugandisha shati mgongoni, lakini chini ya turubai la Athanasie palikuwa Masisi, na Masisi jioni huwa na baridi.

Mfuko ule ulitoka Shasha. Mapendo, mtoto wa shangazi yake, anauza nguo za mitumba kando ya ziwa. Siku moja alifungua balo, na kati ya makoti ya watu wa nchi za theluji akakuta mfuko mrefu wa wavu, mwembamba kama ganda la kitunguu, wenye zipu ubavuni na kitako kisichopitisha maji. Pamoja nao kulikuwa na turubai la rangi ya majani makavu, limekunjwa mpaka linaenea kwenye kikombe. Shasha nzima ilikuja kutoa maoni. Wavuvi walisema ni wavu wa sambaza, dagaa wa ziwa lile, ila hawakuelewa sambaza gani anayehitaji zipu. Mwalimu wa katekisimu alisema ni shela ya bibi arusi mrefu aliyekimbiwa na bwana. Ndipo Mapendo alipoona kipicha kwenye lebo: mtu amelala ndani ya mfuko, anacheka, hana mbu. Akaeleza kwamba ng'ambo kuna watu wanaobeba mizigo mgongoni, wanapanda milima, wanalala porini, hawajafukuzwa na mtu na hawapeleki bidhaa popote.

Katika mambo yote yatakayosimuliwa hapa, hilo ndilo pekee ambalo watu walikataa kuliamini.

"Weye njo unalalaka inje," Mapendo alimwambia Athanasie. "Kamata."

Athanasie aliushika mfuko akaupima mkononi, akajua thamani yake. Anayebeba mzigo kwa miguu kati ya Masisi na Walikale anajua kwamba kila unachokibeba kwa ajili ya mwili wako kinakula nafasi ya kile cha kuuza. Wengine hubeba plastiki nzito inayowachemsha kama muhogo kwenye sufuria. Wengine hawabebi kitu, wanalala barazani kwa watu na kuamka wamegawana damu na viroboto. Wavu na turubai, vyote pamoja, vilikuwa vyepesi kuliko jibini moja. Wavu unazuia mbu na siafu, turubai linazuia mvua, na hewa inapita katikati bila kuomba ruhusa. Safari ya kwanza, Papa Isidore, mbebaji wa mawese wa huko huko Mpofi, alimwita Samaki ya Masisi na kuwauliza wenzake kama amekwisha kutiwa chumvi. Mvua ilipowakuta, alikuja na dumu lake kichwani kuuliza kama samaki anataka jirani.

Tatizo lilikuwa vigingi. Vya chuma vilivyokuja na turubai, Mapendo alikuwa amekwisha kuviuza kwa mchoma brosheti za nyama wa Sake, naye akasema hajawahi kupata vijiti vizuri namna ile. Basi asubuhi ya safari, Athanasie alikata vijiti vinne kwenye mti wa karibu, akavichonga ncha. Mti wa karibu ulikuwa miyenzi ya shamba lake.

Kusema shamba lake ni kusema kwa mdomo. Vita vilipowatoa watu kilimani, walikwenda kambini, na waliporudi walikuta waya wa miba, na ndani ya waya ng'ombe wa tajiri mmoja, Patron Jean-Luc. Patron mwenyewe anakaa Goma. Alisema hana ubaya na mtu, ila shamba lisilolaliwa na mtu halina mtu. Athanasie akapanga chumba Masisi, akaanza kubeba jibini. Kilichobaki chake kilikuwa ule ua wa miyenzi, ambao ng'ombe hawali.

Masisi kila mtu anajua kazi ya miyenzi, mti wa maziwa meupe yanayochoma macho. Haupandwi kwa kivuli wala kwa kuni. Unapandwa mpakani, mashahidi wakitazama, na tangu siku hiyo unakuwa na neno moja tu la kusema: shamba la fulani linafika hapa. Tena kijiti chake hakichagui, popote utakapokichomeka kinashika. Athanasie alijua hayo yote tangu akibebwa mgongoni. Lakini asubuhi ile alikuwa anawaza mvua.

Kwa hiyo vijiti vilipoingia ardhini Mpofi, vilianza kazi yake. Athanasie aliamka amelala juu ya majani mafupi ya malisho, kinyesi cha ng'ombe karibu na kichwa, na penye miguu yake jembe lililovunjika ambalo alikuwa akigombana nalo tangu aolewe. Akasema, "Ah." Alipong'oa vigingi, ardhi ya Walikale ilirudi mahali pake na siafu wake wote. Akakunja turubai, akaenda kuuza jibini.

Tangu hapo ilikuwa hivyo kila jioni. Kipande kilichokuja hakikuzidi turubai, lakini kilikuwa kile alichokiwaza wakati wa kugonga. Akiwaza penye jiwe la kusagia, linakuja jiwe. Siku moja aliwaza mparachichi, na tangu siku hiyo turubai lina kiraka. Siku nyingine lilikuja kaburi la mume wake, Byukusenge. Hakuwa na habari mpya. Alilalamika juu ya ng'ombe wanaomkanyaga kifua, kisha akalalamika juu ya joto linalopenya kutoka pembeni, na Athanasie akalala vizuri, kwa kuwa alizoea kulala akisikia malalamiko hayo. Watu wa Mpofi nao waliizoea ile baridi. Wengine walikuja kuingiza kichwa chini ya turubai ili wajue kukohoa kukoje.

Masisi, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Ng'ombe wa Patron walichungwa na Papa Sebahire, mzee wa kanisa, jirani wa zamani wa Athanasie, aliyekubali kazi ile kwa sababu waya ulipita katikati ya shamba lake pia. Alimpigia simu.

"Mama Athanasie, jana ulilala wapi?"

"Mpofi. Unauliza juu ya nini?"

"Njo vile. Huku, katikati ya majani ya Patron, kuliingia kipande ya pori. Matope, mbu, siafu. Dume ililala mule. Asubui ilisimama, iko naniangalia tu, iko nauliza kosa yake ni nini."

Athanasie aliomba radhi. Wakapatana kwamba kila alasiri, akipata mtandao, atamwambia kipande gani kinasafiri, naye Sebahire atahamisha ng'ombe kabla giza halijaingia. Wakati mwingine mtandao ulikosekana. Siku hizo maziwa yalitoka na rangi ya mawese, na Goma mke wa Patron akasema hayo ndiyo matamu.

Ng'ombe si wajinga kama wanavyoonekana. Baada ya muda hawakutaka tena kukanyaga kile kipande cha karibu na jiwe la kusagia hata mchana, kwa kuwa walikumbuka siafu. Athanasie aliposikia hivyo, aliuliza kama mvua imeanza huko. Jioni ile, Mpofi, aliwaza penye jiwe, akagonga vigingi, akapiga magoti akapanda maharage. Usiku yalikaa naye, mchana yalikaa Masisi. Alipalilia Walikale, mvua ikanyesha kilimani. Maharage yakatoka, yakapanda, yakatoa maua, na ng'ombe wakayazunguka kwa heshima.

Hakutaka mengi. Alitaka msimu mmoja uonekane. Shamba lenye maharage limelaliwa na mtu, na Patron mwenyewe ndiye aliyesema kwamba hilo ndilo sharti.

Patron Jean-Luc alikuja kutembelea ng'ombe wake akaona mraba wa maharage katikati ya malisho. Alifurahi. Alimwambia Sebahire kwamba ardhi nzuri inajilima yenyewe, na kwamba yakikauka yang'olewe, yapakiwe, yaletwe Goma.

Athanasie akapeleka malalamiko. Tume ikaundwa, mkuu wake akiwa Maître Benoît, wakili mpole mwenye viatu visivyopenda matope. Tume ilitaka kuona jambo lenyewe, basi jioni Athanasie alisimamisha turubai katika kiwanja cha kanisa, Masisi, mbele ya watu wote. Alikuwa ameamua kuwaza maharage, lakini wakati wa kugonga akamwaza mume wake, likaja kaburi. Maître Benoît hakupoteza nafasi. Alimuuliza Byukusenge kama shamba ni lake. Byukusenge alijibu kutoka chini kwamba ni lake na la mke wake, alilipata kwa baba yake, na ng'ombe wanamkanyaga kifua. Maneno yake yalisikilizwa mpaka mwisho, ila hayakuhesabiwa, kwa sababu hakuwa na kadi ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho, na alipoulizwa alikiri kwamba hana mpango wa kwenda kuichukua.

Halafu Maître Benoît alivua kiatu, akaweka mguu chini ya turubai, akausikia udongo.

"Madame, hii ni shamba yako?"

"Ni yangu."

"Na unalala ndani yake?"

"Kila siku."

Maître Benoît alivaa kiatu chake. Alisema kwamba tume imeridhika kabisa. Mtu anayelala shambani mwake kila siku hajafukuzwa shambani mwake, na ambaye hajafukuzwa hana anachodai. Shamba ni la Madame, popote Madame atakapokuwa. Kilima ni cha Patron. Patron Jean-Luc alikubali mara moja, kwa moyo mweupe, kwamba Mama huyu amelilalia shamba, na kwamba yeye hajawahi kusema vingine. Akampa mkono. Akamwomba, kama kaka na dada, apunguze siafu.

Maharage yaling'olewa juma lile, Athanasie akiwa njiani na mzigo. Alipofika Mpofi alitua jibini, akafunga kamba kati ya michikichi miwili, akagonga vigingi. Kikaja kipande kilichonyolewa. Wang'oaji wa Patron walikuwa na haraka, na punje zilikuwa zimedondoka huku na huku kati ya mashina. Athanasie alizitafuta kwa vidole, akazipanda upya pale pale, kisha akaingia ndani ya wavu na kufunga zipu.

Papa Isidore alikuja akakaa juu ya dumu lake, nje ya ukungu, joto upande mmoja wa uso na baridi upande mwingine.

"Mama, kesho asubui usingoe vijiti. Uviache vishike. Hapa miti inashika upesi. Shamba itabakia kwetu, na kule kilimani itabakia pori yetu. Patron achunge siafu."

Athanasie aliwaza hilo kwa muda. Lilikuwa wazo zuri, na alilitazama pande zote kama mtu anayechagua jibini.

"Na Byukusenge?"

"Atakuja, atapata joto kidogo."

"Joto haipendake." Alijigeuza ndani ya mfuko. "Papa Isidore, shamba yangu iko Masisi. Mimi njo niko safarini."

Isidore akasema sawa, samaki haambiwi njia ya maji, akaenda kulala.

Kulipokucha Athanasie aling'oa vigingi. Kimoja kilikuwa kimekwisha kutoa mizizi, myembamba, myeupe, ya usiku mmoja. Aliikwangua kwa ukucha mpaka maziwa yakatoka, akapangusa kidole kwenye majani asije akajigusa jicho, akakitia kigingi pamoja na vingine vitatu. Turubai likaingia kwenye kikombe, wavu ukaingia pembeni ya mzigo. Alipokwisha kuuza jibini na kufika kwenye kilima chenye mtandao, simu ikaita.

"Mama, leo utalala wapi?"

"Niko narudi. Nitalala njiani. Kipande ya penye jiwe."

"Ile yenye dume?" Sebahire aliuliza. "Tangu maharage ilingolewa, dume inalalaka tena mule, na jana ulifika tu bila kupiga. Dume iko huku mbele yangu. Iko nauliza tena kosa yake."

Athanasie alikuwa amekwisha kuinama kuchukua mzigo. Aliweka kamba sawa kwenye kipaji cha uso, mahali pake pa siku zote.

"Umuambie hata mimi niko nauliza ile ile," alisema. "Halafu umuhamishe."