Viti vya Moyoni

Tangu nianze kumeza vidonge vya kutuliza moyo, siku zangu zilipita polepole kana kwamba naishi chini ya maji. Mimi ni fundi saa, na mikono ilikuwa imeanza kunitetemeka hadi skurubu zinaniponyoka. Moyo nao ulinienda mbio bila kufukuzwa na mtu. Sasa mikono ilitulia. Saa zote ukutani zilikuwa na haraka kuliko mimi.

Daktari alinieleza kwa subira, maana kwa udadisi sijambo. Mtu akishtuka au akifurahi sana, mwili humwaga adrenalini, nayo hutafuta vipokezi vyake, mithili ya mgeni anayetafuta kiti. Ikikalia vile vya moyoni, moyo unakurupuka. Kidonge changu huwahi viti hivyo, adrenalini ikifika inakuta pamejaa. Nikauliza, na vya kwingine je? Akasema vya kwenye ngozi, vinavyosimamisha vinyweleo, ni vya aina nyingine, kidonge hakivigusi. Nikaona hayo hayanihusu.

Kisha dada yangu akapiga simu kwamba anakuja Jumamosi. Tulikuwa tumenuniana miaka sita, tangu mazishi ya mama, kwa maneno yaliyotoka kwenye domo langu mwenyewe. Utotoni tukigombana alikuwa haamini samahani yangu hivi hivi. Alilaza sikio kifuani pangu, na akisikia moyo unadunda, basi, yameisha. Nikafikiria kuruka kidonge siku hiyo. Lakini daktari alishanikanya nisikiache ghafla, nikakimeza kwa hasira.

Alifika asubuhi, jua limejaa mezani juu ya vioo vya saa. Nikamwomba msamaha. Akanikumbatia, sikio kifuani, kama zamani. Nilikuwa na hamu na dada yangu hadi naumwa, na moyo wangu ukaendelea kutembea taratibu kama mzembe asiye na habari. Nilitamani kuupiga teke.

"Umetulia sana, mdogo wangu," akasema, akachukua mkoba wake.

Nilitaka kumweleza habari za viti, lakini alishageukia mlango. Nikamshika mkono nimzuie. Akatazama chini, akasita, kisha akapitisha kidole kwenye mkono wangu, kutoka kiwiko hadi kiganja, polepole. Vinyweleo vyote vilikuwa vimesimama.

"Kumbe bado upo," akasema, akaweka mkoba chini.