Aliyesali Kwanza

Kamati ya jubilei ilinipa kazi ya kuandika historia ya kanisa letu la Kibakwe. Sentensi ya kwanza aliitunga Mchungaji Yotham mwenyewe: wa kwanza kusali humu ni askofu, siku ya kuliweka wakfu. Tukaenda kumsomea Bibi Hilda, ambaye alipokuwa msichana aliwachotea mafundi maji.

"Si kweli," alisema, ungo wa uwele ukiwa mapajani. "Wa kwanza ni fundi Zaidi, Mwislamu wa Kondoa. Pale penye madhabahu ndipo palipotangulia kusawazishwa, kwingine kokoto tupu. Kila adhuhuri alitawadha, akatandika mkeka wake pale, akasali."

Mchungaji alikunja uso. Hilo tuliache, akasema, litawachanganya waumini. Lilinikera. Waumini gani hao wa kuchanganywa na mkeka?

"Alikuwa akiomba nini, Bibi?" niliuliza.

"Aliniambia mwenyewe. Mvua ichelewe, matofali mabichi yasilowe. Sisi wenye kanisa tulikuwa tumefunga, tunaomba inyeshe tupande."

"Ikawaje?" aliuliza Mchungaji.

Bibi Hilda alipeta uwele wake kidogo.

"Ilinyesha siku tulipomaliza kuezeka."