Sura ya Chepilat

Haki ya Mungu, haya yalitokea, tena mchana, watu wakiona. Asiyeamini aende kituo cha majani chai, Mogogosiek, aulize.

Gunia la majani la Priscah lilipotea kwenye foleni ya mizani. Askari wa kituo akauliza nani ameona kitu. Mzee Kipsang, fundi mstaafu wa kiwanda, alikuwa ameona mgongo tu wa mtu aliyejifunika nailoni kichwa kizima kwa ajili ya mvua. Lakini watu walikuwa wamemgeukia, na Kipsang akitazamwa hivyo hajawahi kusema "sijui".

"Mfupi," akasema. "Kichwa kama jiwe la kusagia. Sauti juu, hasira karibu. Si unajua tu? Sura ya Chepilat!"

Foleni ikacheka. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kila mtu alijua ng'ambo ya Chepilat, soko la mpakani, kunakaa akina nani: Wakisii.

Askari akaenda moja kwa moja kwa Omariba, jirani wa Kipsang, Mkisii aliyezaliwa hapo hapo Mogogosiek. Akamwaga gunia lake kwenye matope, akayapekua majani kwa buti.

Ndipo Benard, mume wa Priscah, akatokea nyuma ya mizani na nailoni yake, mrefu kama mlingoti wa stima.

"Gunia gani? La mke wangu nililisogeza mbele lisinyeshewe. Limeshapimwa."

Phelis, mke wa Omariba, akamsogelea Kipsang.

"Mzee, niangalie vizuri. Hata mimi kichwa changu ni jiwe la kusagia? Na huyo Benard, sauti yake uliisikia saa ngapi?"

"Mama, ilikuwa mzaha tu."

"Mzaha ndio huo kwa matope. Okota."

Omariba hakupiga kelele. Alisema kwa Kipsigis, lugha ya akina Kipsang, safi kuliko cha Kipsang mwenyewe: "Jeneza la baba yako nililibeba kwa bega hili."

Karani wa mizani akayatazama majani yaliyokanyagwa, akatikisa kichwa. Hayapokeleki.

Kipsang akaburuta gunia lake mwenyewe hadi kwenye mizani. "Andika jina la Omariba."

"Yote, mzee?"

"Yote."

Omariba akangoja mizani itulie, akachukua risiti, akaondoka na mkewe bila kusema asante.

"Jirani!" Kipsang akaita. "Si yameisha?"

Karani akamwomba asogee kando, anazuia foleni.